Stima ya Kisiagi cha Chwele

Kitale,
14 Machi 2006

Kwa Mama mdogo Phelista,

Mulembe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Moi's Bridge, na kwamba nyanya amepata nafuu ya mguu. Mimi niko salama, nakula ugali wa chuo ambao hata kuku wako wangeususia. Mvua imeanza huku na kila mtu yuko mbioni kupanda. Nyaruai, tunayelala naye chumba kimoja, anakusalimu. Nimekutaja mpaka amekuzoea bila kukuona.

Sasa keti kwanza. Kama una sufuria mekoni, ipua. Nataka kukuandikia juu ya baba mdogo Wamalwa, na najua tangu tumzike mume wako hutaki mtu akutajie jina lake. Nisamehe. Nina jambo lililonikosesha usingizi, na si kwa huzuni tu, ni kwa mshangao.

Unajua nasomea ufundi wa stima. Mwalimu wetu, Bwana Gicheru, alitufundisha kwamba stima ina msukumo, hizo ndizo volti, na ina kiasi kinachopita, hizo ndizo ampea. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoizuia stima isipite, nao unahesabiwa kwa omu. Ukizizidisha unapata wati, ile nguvu yenyewe. Ni hivyo tu. Mimi nikaona, aah, hii ni ya kupita mtihani.

Halafu akaleta mita, akatuambia kila mmoja ashike nyaya zake mbili apime mwili wake. Kumbe hata mtu ana ukinzani! Vidole vyangu vikiwa vikavu, sindano haikutaka kusonga. Akaniambia nivichovye kwenye maji nishike tena. Sindano iliruka, Mama mdogo! Mtu ni yuleyule, maji tu ndiyo yameongezeka. Nilisimama pale nikisahau hata jina langu, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka miguu ya baba mdogo ilivyolowa siku ile aliyokufa.

Si unajua watu walivyosema matangani? Kwamba asubuhi ile baba yangu alishika chuma kilekile cha kisiagi, ile mashine yao ya kusaga mahindi, na hakuanguka, na jioni ndugu yake akakishika akafa. Ati stima haibagui, kwa hivyo lazima kuna mkono wa mtu. Na kwa kuwa wewe naye mlikuwa mmegombana juu ya kuchelewa kwake kurudi nyumbani, na Agneta wa duka alikusikia ukisema kisiagi hicho kitamla siku moja, wakaamua mdomo wako ndio uliomuua. Ukafunga nguo ukarudi kwenu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wewe mwenyewe uliwaamini. Mama anasema hata kwaya uliacha.

Basi nilikaa nikapiga hesabu. Volti ni mia mbili na arubaini, kwa baba na kwa baba mdogo, hakuna aliyependelewa. Baba alikuwa amevaa gambuti kavu za mpira. Hapo ukinzani ni mkubwa mno, stima inayopita ni chembe, mtu anatekenywa mkononi basi. Baba mdogo alikuwa pekupeku kwenye matope, amelowa mvua. Mwili wa namna hiyo Mwalimu anaukadiria omu elfu moja. Ukigawanya, ni karibu robo ya ampea, na moyo hauhimili hata nusu ya hiyo. Nikazidisha nipate wati, nikafuta, nikarudia. Hazifiki sitini. Ni stima ya balbu moja, kama ile ya dukani kwa Agneta! Mwanamume mrefu vile, aliyeinua gunia la mahindi bila kuomba msaada. Nililia huku nashangaa.

Lakini hesabu ilikuwa imeniambia pia jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisema: baba lazima alitekenywa asubuhi ile. Jumamosi nikaenda nyumbani Chwele. Nilimkuta anatia jembe mpini, nikamuuliza kama alihisi kitu mkononi. Aliliweka jembe chini. Kisha akauliza ni nani ameniambia. Nikamjibu ni hesabu. Akaketi palepale chini, bila kutafuta kiti.

Shika moyo, Mama mdogo. Baba alikiri kwamba alihisi. Mkono ulimwasha akajua kuna waya umechubuka unagusa mashine. Lakini ilikuwa wiki ya Krismasi, foleni ya wateja ilifika barabarani, akaona fundi ataitwa baada ya sikukuu. Hakumwambia ndugu yake. Na watu walipokunyooshea kidole alinyamaza, akakuacha uubebe mzigo wake. Nilimkasirikia, sikufichi.

Jumapili alivaa suti yake, akasimama kanisani baada ya matangazo, akasema yote, Agneta akiwa benchi la mbele. Ameniagiza nikuandikie kwamba Jumamosi ijayo yeye na mama watakuja kukuomba msamaha mbele ya wazazi wako. Kumpokea au kumfukuza ni juu yako. Usimhurumie kwa ajili yangu.

Mimi nataka ujue hili tu. Hesabu ile nimeipitia mbele na nyuma. Kuna volti, kuna ampea, kuna omu, kuna wati. Mdomo wako haumo. Kitu chako kimoja tu ndicho nilichokiona pale: vile viatu ulivyomnunulia vya Krismasi. Baba anasema baba mdogo alivivua akaviweka juu ya gunia visiguse matope. Soli zake zilikuwa za mpira mzito. Siku ile nzima, Mama mdogo, ni wewe peke yako uliyejaribu kuizuia ile stima.

Nisalimie babu na nyanya, na umpakate mtoto wa ndugu yako Kevin kwa niaba yangu. Na tafadhali, Jumapili hii uimbe.

Mwanao akupendaye,
Viola Nakhungu