Kanda ya Waingereza na Bi Mwanahawa

Jumapili, Utende

Bi Mwanahawa kanisemesha leo! Jirani yangu huyu alininunia tangu sisi askari wa hifadhi ya bahari tulipokamata kokoro, wavu uliopigwa marufuku, la mwanawe, Hamisi.

Mchana nilikuwa nafua huku nasikiliza kanda niliyoachiwa na mtalii Mwingereza aliyekuja kupiga mbizi. Mwishoni mwa miaka ya sitini, vijana wa kwao walichukua nyimbo za mabibi zao wa shamba wakazitilia magitaa ya umeme na ngoma. Mwanzoni niliona kelele tupu. Sasa naipenda mno, hasa ule wimbo mrefu ambapo fidla na gitaa vinajibizana mpaka nasahau sabuni mkononi.

Nikasikia sauti ya Bi nyuma ya ua. "Neema, huyo mama anayeimba analia nini?"

"Shikamoo, Bi. Mwanawe kaenda baharini, hajarudi."

"Marahaba." Akatega sikio. "Fidla hiyo kama ya taarabu ya zamani. Hebu rudisha, nisikie tena."

Nilirudisha mara tatu. Akaingia uani, akaketi, naye akaniimbia wimbo wa bibi yake wa kisiwa cha Jibondo. Maneno mengine sikuyaelewa, lakini machozi yalinitoka. Namshukuru Mungu, na yule mwimbaji asiyenijua.

Akiaga alisema polepole, "Hamisi bado anavua, mwanangu. Usiniulize anatumia wavu gani."

Sikumuuliza. Kesho zamu ya doria baharini ni yangu, na naogopa kumkuta huko. Lakini mama yake ameniita mwanangu.