Kiti Alichoniwekea Mama Wanza

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Mvua ya Mbeya haijakatika tangu alfajiri. Mwezi huu natimiza miaka ishirini na minane tangu niondoke Kariobangi, ng'ambo ya mpaka, na usiku wa kuamkia leo sikupata usingizi.

Si uzee. Ni simu ya jana.

Aliyepiga ni Mama Wanza. Tulikuwa pamoja kwenye kamati ya shule ya msingi, yeye muuza nyanya sokoni, mimi karani wa kiwanda katika mtaa wa Baba Dogo. Anasema shule imejenga darasa jipya na wazazi wa sasa wanataka liitwe kwa jina langu. Miaka kumi na minne ya kujitolea, wamehesabu. Nifike mwezi ujao nikate utepe.

"Usiniambie unaogopa ndege, Baba Njeri," alinitania. "Panda basi. Si ulitoka huku na basi?"

Nilicheka. Kisha nikakaa kitandani.

Kamati yetu ilikuwa na desturi moja, na mwanzilishi wake ni mimi. Tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio kabla ya mkutano kuanza, kabla hata ya sala. Akina mama walikuwa wakikimbilia sokoni, wengine wakiingia zamu kiwandani, na sikutaka mtu aliyefika aandikwe kwamba hakuwepo. Sehemu ya juu ya karatasi niliiacha wazi, ili ajenda ziandikwe baadaye kwa nafasi.

Niliona ni heshima kwa watu wenye kazi. Nilijivunia.

Mwaka wa tisini na sita tulikuta vigingi vya zege vimepandwa katikati ya uwanja wa michezo. Wasichana wa darasa la sita walikuwa tayari wamefunga kamba ya kuruka kwenye viwili. Tulipokwenda kuuliza ofisi ya elimu tukaonyeshwa karatasi: kamati imekubali uwanja utolewe kwa mnunuzi binafsi. Maneno hayo yalikuwa yamepigwa taipu juu, pale nilipoacha wazi. Chini zilikuwa sahihi zetu kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa yangu. Mwenyekiti wetu mpya, ambaye ndiye aliyekuwa akizihifadhi karatasi hizo, hakupatikana tena.

Mama Wanza aliisoma mara mbili.

"Wewe ndiye katibu," akaniambia. "Utasimama kwanza, ueleze tunavyosaini. Mimi nitafuata. Muuza nyanya akianza, hao watacheka."

Kikao na wakubwa wa elimu kiliwekwa Jumatatu. Niliahidi.

Jumapili, tulipotoka kanisani, alikuja mgeni. Shati safi, sauti ya upole. Mke wangu akampa chai, naye akaisifu.

"Mzee, kazi ya kamati haina mshahara," alisema. "Mbona ikuumize?"

Nilimsogezea sukari.

"Huyu Njeri wenu ana bidii. Nasikia hutoka shule saa kumi na nusu, anapita nyuma ya gereji. Ile njia si nzuri kwa msichana."

Akamaliza chai. Alirudisha kikombe jikoni mwenyewe, akamshukuru mke wangu kwa jina lake la ubatizo, ambalo hakuna aliyekuwa amemtajia.

Jumatatu kulipopambazuka tulikuwa ndani ya basi la Arusha. Sikumuaga Mama Wanza. Sikuacha hata barua.

Alisimama peke yake. Nilikuja kupata habari miaka mingi baadaye: walicheka, kama alivyosema. Akawaacha wamalize, kisha akawainua wale wanane waliobaki, mmoja mmoja, waeleze jinsi tunavyosaini. Wote wakasema vilevile. Uwanja ukabaki. Darasa jipya limejengwa pembeni mwake.

Lakini wazazi wa leo wanaamini kwamba mimi ndiye niliyeutetea, na kwamba nilifukuzwa kwa sababu hiyo. Wameniandikia hivyo, kwa Kiswahili kizuri.

Njeri sasa ana miaka arobaini. Hata hivyo nikisikia sauti ya upole mlangoni, jambo la kwanza ni kutazama saa na kujiuliza yuko wapi. Hofu hiyo nimeizoea, tumezeeka pamoja. Ya jana ni ngeni.

Kabla hajakata simu nilimuuliza Mama Wanza kama alinikasirikia siku ile.

"Nilikuwekea kiti karibu na mlango," akasema. "Kila aliyetaka kukikalia nilimwambia kina mwenyewe. Mpaka kikao kikaisha." Halafu akacheka kidogo. "Njoo basi ukikalie, mzee."

Hakuna tusi ambalo lingenitisha hivyo.

Leo asubuhi nimewaandikia wazazi kila kitu: nafasi niliyoiacha wazi, mgeni na chai yake, basi la alfajiri. Nimewaomba darasa lipewe jina la Mama Wanza. Nimeisoma barua mara tatu, nikaituma saa nne, kabla sijapata sababu ya kuahirisha.

Hawajajibu. Simu nimeilaza kifudifudi mezani.

Yule mgeni nilimwogopa kwa ajili ya Njeri. Mama Wanza namwogopa kwa sababu najua atanisamehe, tena mbele ya watoto waliojipanga mistari kwenye uwanja ule, nami nitalazimika kusimama pale nisamehewe.

Sitarudi Kariobangi.