Ndege Iliyofika Tanga Bila Mimi

Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Mlola? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechacha.

Barua ya mjomba nimeipata. Anasema sikuja kumzika Baba kwa sababu nathamini vyuma kuliko mzazi. Nisikilize wewe, Mama.

Simu ya msiba ilinikuta treni imeshaondoka, na nyingine isingewahi mazishi. Lakini ndege yetu ndogo hapa kazini, ile kuukuu iliyoachwa na wakoloni, ilikuwa inawapeleka wakubwa Tanga kesho yake. Meneja akanipa kiti. "Ikague, tia sahihi, nenda kamzike mzee." Nilimshukuru mpaka machozi yakanitoka.

Nikaikagua. Chuma kinachoshika bawa nilikipaka mafuta ya taa, nikakipangusa, nikakipaka vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yakatokeza kwenye chaki, yakachora mstari mwembamba. Ufa. Nikarudia upya, nikimwomba Mungu usionekane. Ukaonekana. Nikakataa kutia sahihi.

Basi wakaitisha kikao cha wafanyakazi! Mwenyekiti wetu, mpishi wa kantini, akasema, "Ndugu, wanaoona ndege ni nzima wanyooshe mikono." Wakanyoosha wote, hata dereva wa lori la mafuta. Nikaambiwa napinga maendeleo. Fundi mwenzangu akatia sahihi, na kwenye kiti changu wakapakia gunia la mchele.

Ilifika Tanga salama, ikarudi salama. Mimi nimeshushwa, sasa nafagia banda la ndege. Kila ikitua wananiuliza, "Fundi, ufa wako hajambo?" Wakiondoka napaka chaki yangu. Ufa umerefuka.

Mama, ziko siku natamani ndege ianguke, ili mjomba na hawa wote wajue. Halafu namwona rubani, kijana mpole anayenisalimia vizuri, naona haya. Leo asubuhi nilimwonyesha ule ufa. Akaupitishia kidole, akasema, "Kaka, na mimi nikatae, niitwe msaliti?" Akapanda, akaruka. Naandika huku nimetega sikio.

Msalimie dada aliyemuuguza Baba, na mzee wa kanisa aliyeongoza mazishi. Mjomba pia, msalimie. Udongo wangu mniwekee kando ya kaburi, nitakuja kuutupa mwenyewe.

Nimeisikia injini, Mama. Kijana ametua. Nimefurahi, haki ya Mungu nimefurahi, na tayari nawasikia wanacheka wakija huku kuniuliza hali ya ufa.

Mwanao ambaye hajamzika baba yake,
Elia