Paska Hakuingia Chini ya Turubai

Jumamosi, Juni 2020. Babati.

Baridi. Ukungu umelalia Kwaraa tangu alfajiri, mpaka saa nne mlima ulikuwa hauonekani, utadhani mtu kaung'oa kaondoka nao. Nguo nilizoanika jana bado zinadondosha maji. Naandika nimekaa mlangoni juu ya ndoo niliyoipindua, Ema kalala mgongoni, simu ina chaji kidogo. Nikikatika katikati mjue ni hiyo.

Sina jambo la kujisifia leo.

Wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mama wa watoto wawili, Ema huyu wa mgongoni na dada yake Paskalina, tunamwita Paska, ana miaka kumi na moja. Baba yao yuko Mererani machimboni, huja akija. Mimi nafua mashuka gesti moja karibu na stendi. Elimu yangu darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika nisameheni, endeleeni tu.

Paska ni golikipa. Timu ya wasichana ya hapa kwetu Bagara, wanachezea ule uwanja wa nyuma ya shule. Shule zilipofungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya huu ugonjwa wa korona, na uwanja nao ukafungwa. Mtoto akaanza kupiga mpira kwenye ukuta wa choo. Anapiga, unarudi, anadaka. Anapiga, unarudi, anadaka. Kutwa. Jirani yetu Baba Eliya anaendesha bodaboda usiku, mchana ndiyo analala. Amelalamika mpaka amechoka. Kuna siku alitoka na shuka kiunoni akaniambia Mama Paska, huyu mwanao anabomoa choo cha mwenye nyumba, choo kikianguka mimi sitachimba kingine. Tulicheka. Paska akapumzika saa moja, akaanza upya.

Basi michezo ikaruhusiwa. Tulisikia redioni, halafu Kocha Boay akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watoto Jumamosi wakutane. Sijawahi kuona mtoto akifurahi vile. Hakuruka wala kupiga kelele. Aliingia ndani akatoa glovu zake chini ya godoro, akazivaa, akakaa nazo. Akala ugali wa jioni kwa kijiko sababu hakutaka kuzivua.

Sasa hapa inabidi niseme kitu ambacho sikukisema humu hata siku moja.

Paska ana pumu.

Ametoka nayo utotoni. Moshi wa kuni mbichi unamkamata, vumbi linamkamata, chumba kilichofungwa chenye joto na mvuke ndiyo kabisa. Mwaka jana jirani alichemsha maharage kwa kuni zenye maji, moshi ukajaa uani, tulikimbizana na bajaji mpaka hospitali mtoto midomo imebadilika rangi. Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mdogo wake: moshi hapana, na mambo ya kumfunika kwenye mvuke hapana, hata mtu akikwambia ni dawa. Nikaenda nayo kichwani mpaka leo.

Kocha Boay ndiye peke yake aliyejua pale uwanjani. Ndiye aliyemweka golini, asikimbie sana. Ile pampu ya kuvutia dawa ilikaa mfukoni kwa kocha, Paska akisikia kifua kinabana anajifanya kamba ya kiatu imefunguka, anatoka pembeni, anavuta, anarudi. Wenzake hawakujua. Walijua tu kwamba Paska anadaka. Ilianza kama huruma ya kocha, ikaja kuwa kipaji kweli. Siku timu ilipoenda kucheza na wasichana wa Sigino, alidaka hadi mama zao wa kule walikuwa wanampigia makofi.

Hiyo siri aliipenda kuliko glovu.

Jana kulikuwa na kikao cha wazazi. Sikwenda. Gesti walinipigia simu kwamba kuna wageni wamelala, na siku hizi wageni ni wa kutafuta, wakikuita huwaambii subiri. Nikaenda kufua. Kumbe kwenye kikao wamekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayegusa mpira kabla ya kujifukiza. Siyo kila mtu kwake. Pale pale uwanjani, wote, mbele ya wazazi, ili asiwepo wa kudanganya.

Nimefika na Paska leo asubuhi nakuta mafiga matatu pembeni ya uwanja, sufuria la shughuli limejaa majani ya mkaratusi, malimao, tangawizi, vitunguu, mchaichai, linachemka. Na turubai la Mama Shamsa, lile la buluu analofunikia mzigo wake sokoni. Mama Shamsa ana duka la vitenge, mtoto wake ni nahodha, na ndiye mama wa timu kwa kweli. Jezi alinunua yeye. Mipira alinunua yeye. Watoto wakifungwa ndiye anayewanunulia soda.

Kwanza watoto walinawa mikono kwenye ndoo ya bomba. Kisha wakapangwa mstari, mmoja huku mwenzake kule, wasikaribiane, Mama Shamsa anapita katikati anapima kwa mikono yake miwili. Halafu hao hao waliotenganishwa wakaitwa kundi kwa kundi, wakainamishwa kulizunguka sufuria, vichwa vimegusana, wakafunikwa turubai moja.

Nilitazama nikadhani ni mimi sielewi.

Kule chini walikuwa wanakohoa kama mbuzi waliokula pilipili. Mama zao wanawahimiza, vuta, vuta mwanangu, kitoke chote. Turubai likifunuliwa wanatoka macho mekundu, kamasi, wanakohoa, na wanapigiwa makofi. Kundi lingine linaingia kwenye mvuke ule ule na pumzi zile zile.

Sitaki mtu asome hapa amchukie Mama Shamsa. Mwezi uliopita alifiwa na kaka yake Arusha. Marehemu alizikwa na watu wachache, Mama Shamsa hakumuona. Tangu siku ile hata dukani kwake ukipiga chafya anarudi nyuma mpaka kwenye ukuta. Anaogopa. Turubai lile kwake ni kama kumkumbatia kila mtoto wa timu. Hilo nalijua. Na bado nilijua mwanangu akiingia mle, sijui kama atatoka kwa miguu yake.

Nikamvuta kando. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu, akaitika marahaba. Nikamwambia kwa sauti ndogo, wangu naomba asiingie, ana kifua.

Akacheka, akawageukia wenzake. "Jamani, Mama Paska anasema wake ana kifua. Mama Paska, nani hapa mwanawe kazaliwa bila kifua?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, ndivyo mtu anavyofanya. Nikasema tena. Akasema hakuna wa kubagua, tulikubaliana wote, wewe tu hukuja. Akamshika Paska bega kwa upole kabisa amsogeze kwenye sufuria.

Nikasema kwa nguvu. "Ana pumu. Atazibwa pumzi."

Wote wakatugeukia.

Nilidhani nimemwokoa. Nikaona mama mmoja anamrudisha mwanawe nyuma yake. Mwingine akapandisha kitenge puani. Mtu akauliza, kumbe anakohoa? Mwingine akasema, na alikuwa anakunywa chupa moja na wetu. Nikajaribu kueleza kwamba pumu haiambukizi, ni ya mtu na kifua chake, alizaliwa nayo. Nikaona hawasikii. Mwaka huu ukisema pumzi ya mtoto ina shida watu wanasikia kitu kimoja tu.

Watoto wote pale walikuwa wanakohoa. Paska peke yake ndiye hakukohoa hata mara moja, na yeye ndiye aliyekimbiwa.

Kocha Boay akaja. Kijana wa watu alikuwa na aibu mpaka alikuwa anaongea na mpira. Akawaambia wazazi anamjua Paska, hana ugonjwa wa kuambukiza, yeye mwenyewe anamdhamini. Mama mmoja akamuuliza ulijua siku zote ukanyamaza, je kuna mengine unayotuficha? Akanirudia mimi chini chini, Mama Paska, tuvumilie wiki mbili tatu watu wasahau. Mimi namjua mtu anayeongea asichokiamini. Watu wa mji huu hawasahau hata nani alikosea mstari kanisani.

Hapo ndipo Paska alipoanza kutembea. Alivuta jezi ikafunika mdomo na pua, akaenda moja kwa moja kwenye turubai, glovu mkononi. Alikuwa anataka kuingia. Mtoto wangu alikuwa tayari kuzibwa pumzi mbele ya watu ili wamwache adake.

Nakiri hapa, sababu hapa nimezoea kukiri: kwa muda wa pumzi moja nilitaka kumwacha. Nilisema moyoni, labda Mungu atasaidia, labda mvuke umepoa. Nilikuwa nimechoka kubishana na watu wanaonipenda.

Nikamkimbilia nikamkamata mkono. Alijivuta. Nikamshika kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumshika, nikamburuza mpaka nje ya uwanja, Ema analia mgongoni, watu wanatuangalia. Nikamwambia utanichukia lakini utakuwa unapumua.

Akaniangalia. Alikuwa halii.

"Siyo wao, mama. Wewe ndiyo umewaambia."

Tangu hapo hajaniambia neno.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Nyuma yetu filimbi ikalia, wakaanza kucheza. Sikugeuka. Yeye aligeuka mara moja. Golini walikuwa wamemweka Shamsa, amesimama katikati kama mgeni aliyekaribishwa nyumba isiyo na kiti.

Tulipofika karibu na kwetu, mama wa mtoto mwingine wa timu alitupita juu ya bodaboda, akamwambia dereva asimame. Akashuka, akaja, akasimama mbali kidogo. Akaniambia kwa huruma kweli, dada yangu, ungesema tu mmeshajifukiza nyumbani. Hapa nusu yetu tungesema ndiyo. Nani angekuja kunusa?

Nimekaa na hilo neno tangu mchana. Uongo mmoja mdogo. Ningesema tumeshafanya alfajiri, majani ya mkaratusi haya hapa, na Paska angekuwa golini leo, na siri yake mfukoni kwa kocha. Labda Mama Shamsa asingekubali, maana walitaka kuona kwa macho. Labda angekubali. Sitajua. Mimi nilikwenda na ukweli kama mtu aliyekwenda na kisu kwenye sherehe.

Na wala siwezi kusema nimeshinda kwa upande wa afya. Wale watoto wamevuta pumzi moja chini ya plastiki asubuhi nzima. Jumatatu watabanana darasani na wangu, shule zikifunguliwa. Nimemtoa chini ya turubai, sijamtoa Babati.

Mchana nilipika wali, chakula anachokipenda. Akala kwa adabu. Akaosha sahani yake na yangu. Akachukua zile glovu, akaziosha kwa sabuni ya unga, akazisugua kidole kwa kidole kama mimi ninavyosugua mashuka ya watu, akaniwekea kwenye beseni. Hakusema za nini. Nimezielewa. Glovu zile ni za timu, alipewa na Kocha, na mtu akiondoka timu anarudisha vitu vikiwa safi. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe, kwamba kitu cha watu hakirudi na uchafu wako.

Nilimwita. Nikamwambia Paska, kaa nazo, mambo yatabadilika. Akatingisha kichwa tu. Watoto wanajua sauti ya mama akiahidi kitu asicho nacho.

Nimejaribu kufikiria nifanye nini. Kwenda dukani kwa Mama Shamsa na cheti cha hospitali alichoandikiwa Paska mwaka jana? Atasoma kutoka mbali, atanipa pole, ataniuliza habari za Ema, na akili yake itakuwa kwa kaka yake. Kumpeleka timu nyingine? Habari imeshafika, huu mji ni mmoja. Kusubiri? Ndiyo, kusubiri. Ila mtoto wa miaka kumi na moja hasubiri kama sisi. Akisubiri sana anakuwa mtu mwingine.

Nimemzaa mtoto na kifua hiki. Sikuchagua, najua. Lakini leo nilipomshika mkono nilisikia anavyohema kwa hasira, kile kifilimbi kidogo ndani, na niliona kwamba hiki ndicho nilichompa na hiki ndicho nitakachokuwa namkatazia maisha yake yote. Vumbi hapana. Moshi hapana. Turubai hapana. Nitakuwa mama wa hapana.

Na siku kama hii ikirudi kesho vilevile, nitamkamata mkono tena. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa hakika, na halinifariji.

Jua limetoka kidogo jioni hii, la kuaga. Baba Eliya ameamka mapema, kajinyoosha mlangoni kwake, kaangalia upande wa choo, kisha kaniangalia mimi.

"Mama Paska, mbona leo kimya? Mtoto anaumwa?"

Nikamjibu haumwi. Mzima kabisa.

Akasimama pale kama mtu anayengoja kelele zianze. Akasema basi mwambie apige tu, mimi nimeshazoea, hata usingizi siku hizi hauji bila ile dup, dup.

Nimemwambia Paska. Amesikia. Bado yuko ndani.

Glovu nimezianika kwenye kamba, katikati ya mashuka ya gesti. Zinadondosha maji. Nimezitazama mpaka nimesahau ninachoandika. Kesho zitakuwa zimekauka, na mtu atatakiwa kuzianua.

Sijui nizikunje niziweke chini ya godoro, au nizipeleke.