Ufa wa Chapuchapu

Jumatatu, 4 Machi
Nimemkanyaga Chapuchapu. Kobe wa dada! Nilikuwa napiga rivasi na pikapu hapa uani kwangu, nikasikia kacha! — nikadhani ni ndoo. Gamba limepasuka upande wa nyuma, ufa wa urefu wa kidole, na damu. Miaka ishirini na sita amemlea. Kaniachia siku kumi tu, akafanyiwe upasuaji wa goti. Siku kumi zimenishinda!

Lakini mimi ni fundi wa bodi. Nimenyoosha milango ya magari iliyokunjika kama karatasi. Nikachukua faiba na gundi, nikaziba, nikapiga msasa. Likapendeza kabisa.

Dada kapiga simu kumuulizia. Nikasema mzima.

Jumatano, 6 Machi
Hatoi kichwa. Ufa unanuka. Mbio kwa daktari wa mifugo — mama mfupi, mkali kama pilipili. Kauliza nani kaziba hapa. Nikasema kuna fundi mmoja. Akatazama kucha zangu zilizojaa rangi. Basi huyo fundi mmoja, akasema, amefungia uozo ndani.

Gundi yote imebanduliwa. Nimemshika mwenyewe, anatetemeka. Kumbe gamba si boksi alilovaa! Ni mfupa, mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Vile vigae vya juu ni kama kucha zetu, chini yake pana uhai, pana maumivu. Na mimi nilipiga msasa. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Hafi huyu. Sikubali.

Alhamisi, 7 Machi
Shule upya, na mvi hizi. Gamba la juu. Gamba la tumbo. Daraja — pale ubavuni yanapokutana. Sindano mguu wa mbele; ikichomwa mguu wa nyuma, dawa huenda ikapitia kwenye figo kwanza. Aloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu, kina kidogo, yasiguse ufa. Shashi mpya yenye unyevu juu ya kidonda kila asubuhi, kipumue. Asilazimishwe kula.

Nilidhani anarusha miguu kwa hasira. Daktari kasema kobe huvuta pumzi kwa kutikisa miguu na mabega. Haya, rusha baba, rusha!

Ijumaa, 8 Machi
Hajala.

Jumapili, 10 Machi
Amekojoa! Na kile kitu cheupe kinachotoka na mkojo wa kobe, laini, hakina mchanga. Daktari kasema ni dalili njema, maji yanamtosha. Nimeshangilia hadi jirani kachungulia. Nikamwambia kobe amekojoa. Kafunga dirisha.

Ila bado hajala. Dada kapiga tena. Mzima, nikasema. Mara ya nne. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshafika ukingoni.

Jumanne, 12 Machi
Leo nimempigia mimi. Nimesema yote — pikapu, gundi, msasa, uongo. Nikasema dada, nitukane basi. Hakutukana. Kauliza uzito: haujapungua tangu Jumamosi. Kauliza ufa una rangi gani: waridi, haunuki tena. Halafu akasema anakuja sasa hivi, na goti lake hivyo hivyo, na nisimguse tena kobe wake.

Nimeelewa. Ana haki. Lakini shashi ya jana inaanza kukauka, na ikikauka itagandia nyama, itachuna. Saa yake ndiyo hii.

Teksi imesimama nje. Nasikia magongo. Maji yamepoa kiasi — ninawe mikono, nianze. Anikute na shashi mkononi.