Gazeti Letu na Karatasi za Yusufu

Jumatatu, 3 Machi

Nimesahihisha kurasa nne kabla ya chai. Jalada jipya limefika: ngome, moto, mwanamke mwenye upanga. Linang'aa. Hapa Kamembe hakuna gazeti linalopendeza kama letu, siwezi kukana. Maman Solange, mwenye gazeti, amenipa kazi: nilinganishe magazeti mawili ya michezo ya kompyuta, letu na la Yusufu. Kichwa ameshakiandika: "Lipi la Kuamini?" Jibu pia analo.

Jumanne, 4 Machi

Yusufu ni fundi wa kompyuta sokoni. Gazeti lake ni karatasi nane za fotokopi zilizobanwa na stepla. Picha nyeusi tii, hujui kama ni gari au ng'ombe. Nimepanga matoleo mezani, yake kushoto, yetu kulia.

Sisi tunasifu kila mchezo. Kila mmoja! Yeye anaandika amecheza siku ngapi, kwa mashine gani, amekwama wapi. Akikosea, toleo linalofuata anakiri. Sisi hatujawahi kukosea. Yaani, hatujawahi kusema.

Aibu. Zaidi kwa ule mchezo wa kujenga mji. Mimi mwenyewe niliupa alama tisa juu ya kumi. Niliucheza asubuhi moja tu. Tangazo lake lilikuwa ukurasa wetu wa nyuma. Yusufu aliupa tatu: ukijenga daraja la tatu, mchezo unaganda na kufuta kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeucheza upya, siku mbili. Daraja la tatu. Ukaganda. Nilipofungua tena, uwanja mtupu. Nimechukia. Nimejichukia mimi, si mchezo.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja mwalimu kutoka Giheke, Clarisse, wa klabu ya kompyuta. Aliununua mchezo ule kwa sababu ya alama zangu. Wanafunzi walijenga mji mzima wa kuonyesha wazazi. Siku yenyewe, ukumbi umejaa, skrini tupu. Wazazi wakasema mwalimu amewapotezea watoto wakati.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Njo weye uliandika hii?"

Nikasema ni mimi.

"Uliicheza mpaka mwisho?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani.

"Batoto banakuamini, Papa. Banakuamini kuliko miye."

Akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimempa Maman Solange makala. Niliporudi kutoka Bukavu bila kazi, yeye ndiye aliyenipokea, akanifundisha kuandika. Alisoma akiwa amesimama.

"Batu banapenda picha," alisema. "Banataka kufurahi tu. Unataka nifunge gazeti?"

Nikamwambia nimeandika pia kwamba letu linavutia zaidi. Ni kweli. Lakini la kuamini ni la Yusufu. Hilo nalo ni kweli. Akaikunja makala, akasema ataangalia.

Sili vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Gazeti limetoka. Jina langu chini, maneno si yangu. Eti Yusufu ni fundi mwenye wivu asiyejua michezo.

Nilichukua nakala ya makala yangu ya kwanza, nikaenda sokoni kwa miguu. Alikuwa ameshasoma. Wateja wawili wamekaa kwenye benchi.

"Miye niko muntu wa wivu?"

Nikasema mbele yao sikuandika vile. Nikamsomea yangu yote, hata pale niliposema picha zake ni mbaya. Hakuna aliyecheka. Yusufu aliendelea kukaza parafujo. Mwisho akasema, "Sawa." Basi.

Nikarudi ofisini, nikaweka ufunguo mezani. Maman Solange hakuutazama.

"Nilikufundisha vibaya," alisema.

Sijui alijilaumu au alinilaumu. Nilitoka kabla sijalia.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu misa. Sina kazi. Naogopa kesho.

Jana nilikwenda Giheke. Clarisse alinisimamisha mbele ya klabu bila kunitambulisha. Niliwaambia watoto kwamba niliusifu mchezo ambao sikuucheza hadi mwisho, na mji wao ulipotea kwa sababu yangu. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, sasa mchezo upi ni mzuri? Nilisema sijui bado, sijacheza vya kutosha.

Akatikisa kichwa kukubali. Akasogea kwenye benchi, nikae.