Kifungu Ambacho Sikukisoma

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimenyoa. Chai bila sukari. Nimeandika barua ya mwaliko kwa mara ya tatu, kwa kuwa mpiga chapa wa kamati huacha nafasi mahali pasipo nafasi.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati ya mapambo inataka mafundi wa mji waonyeshe kazi zao barabarani kwa juma moja. Si ndani ya ukumbi. Penye posta, sokoni, njia ya kwenda bandarini. Apitaye aone bila kubisha hodi. Juma likiisha, kila kitu kiondolewe. Mimi ndiye karani. Mwalimu aliyestaafu hapewi pumziko, hupewa karatasi.

Kanuni nimezitunga mwenyewe. Vifungu sita. Cha tano ndicho ninachokipenda: "Kazi ikishaondolewa, vifaa vyake vitakuwa mali ya kamati." Kifupi, hakiachi mwanya wa ugomvi. Mwaka jana watu wawili walipigania mbao za jukwaa mpaka wakararuana mashati.

Safari, mchoraji wa vibao vya maduka kule Majengo, amekuja kuchukua barua yake. Ameisoma yote akiwa amesimama.

"Muzee, mutatutandika ku barabara kama kuku ya soko?"

Nimemjibu kwamba kuku huuzwa, yeye ataangaliwa tu.

"Basi kuku iko na bahati kunipita."

Ninaandika alivyosema, ingawa kalamu inasita.

Jumatano, 5 Juni

Barua kumi zimefika. Ya kumi na moja nimeipeleka mwenyewe, Majengo, kwa Mama Nyirakamana. Kwenye karatasi hana jina jingine tangu serikali ikataze majina ya ubatizo. Hapa daftarini naweza kuandika Veronika. Hakuna asomaye.

Ni mjane aliyetoka milima ya Masisi. Husuka kuta za matete, zile zinazosimamishwa ndani ya nyumba kukinga kitanda, zenye michoro myeusi iliyosukwa kwa nyuzi zilizotiwa masizi na utomvu wa ndizi. Hajui kusoma. Lakini mistari yake imenyooka kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyempa rula.

Amenipa kigoda. Nimemsomea barua, kisha kanuni. Nilipofika kifungu cha nne alikuwa anacheka na kuita majirani.

"Mukuye musikie! Banataka mikono yangu pa posta!"

Wamekuja. Wamepiga vigelegele. Lugha ya kwao ni Kinyarwanda, changu ni kibovu, na "mali ya kamati" ilihitaji maelezo. Nilitaka pia kuwahi misa ya jioni. Nikaruka kifungu cha tano, nikasoma cha sita, kinachohusu usafi wa barabara.

Kisha nimemshika mkono. Nimekibonyeza kidole gumba chake kwenye wino, halafu kwenye karatasi. Alama imetoka safi.

Misa nimeiwahi.

Jumamosi, 8 Juni

Salongo. Mji mzima nje kwa kazi ya lazima: majembe, mifagio, mitaro. Ninasimamia barabara yetu. Mtaro wetu safi. Wa jirani aibu.

Nimekikumbuka kifungu cha tano mara moja, jembe mkononi. Nimejiambia atakisikia kwa wengine.

Jumatatu, 10 Juni

Leo kazi zimesimamishwa. Ardhi ya mji huu haichimbiki, ni jiwe jeusi la mlima. Nguzo za Mama Nyirakamana zimebanwa kwa marundo manne ya mawe, mbele ya posta. Ukuta unanipita kimo. Michoro myeusi inapanda na kushuka kama vilima vya kwao.

Wanawake waliotoka sokoni wametua mizigo ili kuangalia. Askari wa kambi ya Katindo ameshuka kwenye baiskeli na kuuliza nani amefanya. Nimemwonyesha. Nimejivuna kana kwamba nilisuka mimi.

Safari ametundika mabati matatu. Moja linaonyesha samaki kwenye kiti cha kinyozi. Nimemwambia samaki hana ndevu.

"Njo maana, Muzee. Anatoka kunyolewa."

Watu wamecheka. Mimi pia, kidogo.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Nimepita posta saa nne kukagua. Mama Nyirakamana alikuwa amekaa chini ya ukuta wake akimenya viazi, kama mtu aliye kwake. Ameniita.

Ana binti mmoja, Furaha. Miaka minne iliyopita Furaha alimfuata dereva mmoja Rutshuru, bila posa, bila baraka. Kwao mama humsukia binti ukuta wa matete wa nyumba yake mpya. Mama huyu alikataa. Alimtumia ujumbe: lala bila ukuta, kila mtu akuone. Binti hakurudi tena.

Sasa Furaha amepata mtoto, na amesikia kwamba kazi ya mama yake iko barabarani. Atakuja Jumapili kwa lori.

"Njo hii ya Furaha, Muzee. Nilimukatalia, sasa nimesuka. Siku ya Mungu atashuka na kamio, tutaibeba naye mpaka Rutshuru. Mungu akubariki na barua yako."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na maneno. Nimesema: "Vizuri, Mama."

Neno moja, tena la uongo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesoma nakala ya kanuni. Kifungu cha tano hakijabadilika. Ni sentensi nzuri, na hilo linaniudhi zaidi.

Nimetoka kwenda kumwambia. Nimefika kona ya posta, nikamwona anawaonyesha wasichana wawili jinsi uzi mweusi unavyopita. Nimegeuka. Nimeingia dukani, nikanunua chumvi. Nyumbani chumvi ipo.

Miaka thelathini nimewachapa watoto kwa sababu ya uongo. Wengine uongo wao ulikuwa mdogo kuliko huu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda kwa katibu wa kamati, ofisini nyuma ya soko. Nimemwomba ukuta wa matete urudishwe kwa mwenyewe. Nimeomba kwa sauti ndogo, kama anayeomba moto wa sigara.

Amefungua faili. Amegeuza karatasi inielekee.

"Muzee, hii si mukono yako? Ni weye ulisema, sheria bila ubaguzi. Nikitoa kwa mama, Safari naye atakuya, na wote kumi na moja."

Tena ana kazi nao. Uzio wa choo cha ofisi ulianguka tangu mvua za Aprili. Matete yale yanatosha.

Choo.

Lilikuwepo jibu moja tu lenye nguvu: kwamba mama hakusomewa. Kwamba kidole kile nilikibonyeza juu ya jambo asilolijua. Sikulitoa. Sikumwogopa katibu. Niliogopa kuonekana mtu anayesoma nusu.

Nimesema: "Ndiyo, Citoyen," yaani Raia, kama tunavyotakiwa kuitana. Nimefunga mlango taratibu nyuma yangu, kwa adabu.

Jumamosi, 15 Juni

Salongo ilitumika kuondoa kazi zote. Nilishika orodha.

Mabati ya Safari hayakuwepo. Aliyatoa mapema asubuhi. Alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni.

"Artikle yako haina miguu, Muzee. Itanikimbilia namna gani?"

Yeye alikisoma kifungu cha tano. Aliyesoma aliokoa mali yake. Nilipiga mstari juu ya jina lake.

Wakafika kwenye ukuta wa matete. Vijana sita. Mama Nyirakamana alikuwepo, amevaa kitenge cha misa. Alidhani wametumwa kumsaidia kubeba hadi kwake. Aliwaondolea mawe kwa mikono yake ili nguzo zitoke bila kuvunjika. Aliwaambia: "Aksanti, batoto. Polepole ku kona. Aksanti sana."

Niliandika alama mbele ya jina lake.

Walipopinda kuelekea sokoni aliita kwamba njia siyo. Walicheka, wakaendelea. Aliwafuata. Nami nilimfuata. Nyuma ya ofisi waliuzungusha ukuta kwenye shimo la choo, wakaukata kwa panga mahali ulipozidi, wakaufunga kwa waya.

Hakulia. Alinigeukia.

"Muzee, ile siku ulisoma yote?"

Niliangalia orodha. Majina kumi yana alama, moja lina mstari.

Akaondoka. Mtu wa miaka sitini na minne, mwalimu, sikumjibu mwanamke aliyeniuliza swali lenye jibu la neno moja.

Jumapili, 16 Juni

Sikukomunika, Ekaristi sikuipokea. Padri alinitazama. Wote walinitazama, au nilidhani hivyo.

Baada ya misa nilikwenda kungoja kamio, lori la Rutshuru. Heri binti asikie kwangu kuliko kwa wapita njia. Nilimtambua kwa taya la mama yake. Mtoto mgongoni. Alikwenda moja kwa moja mbele ya posta, akasimama kati ya marundo ya mawe, akageuka huku na huku.

Nilimwambia. Mara hii sikuruka kitu: barua, vigelegele, misa, wino, choo.

Nilitarajia matusi. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama alisuka? Yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Unipeleke nione."

Nilimpeleka. Kuna njia ndefu kuliko ile? Alisogea karibu, akapitisha kidole juu ya mistari, huku mtoto akivuta matete. Mlinzi wa ofisi alitoka ndani akifunga vifungo vya suruali, akatusalimu. Furaha alianza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, na alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Muzee, hata bibi-arusi wa mukubwa hajawekewa choo kama hii."

Halafu akafuta uso kwa kitenge na kuuliza kama mama yake bado anaishi nyumba ile ile. Nikamwonyesha njia. Sikuthubutu kuingia naye.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeandika barua kwa katibu. Ukurasa mmoja. Kwamba mimi, karani, sikumsomea mama huyu kifungu cha tano. Kwamba alama yake ya kidole haina nguvu, na kosa ni langu peke yangu. Kwamba ninaacha kazi ya kamati. Sikutafuta maneno mazuri.

Katibu amesoma mara mbili. Amesema ningeileta Ijumaa angeweza kufanya kitu. Hakusema kwa ubaya. Ijumaa nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile.

Kisha amesema nichukue ukuta nikitaka. Nimempitia Safari, tumekwenda pamoja kwa Mama Nyirakamana kumwuliza. Nilisimama mlangoni. Furaha alikuwa ndani, mtoto amelala mapajani pa nyanya yake. Nilisema nilichokuja kusema. Nikaongeza jibu la Jumamosi.

"Hapana, Mama. Sikusoma yote."

Hakuinua kichwa.

"Ile ibakie kule. Siweke kitu ya choo mu nyumba ya mutoto yangu."

Tukiwa njiani Safari hakunitania. Ningependa anitanie.

Jumatano, 19 Juni

Nimeshuka kwenye matete ya ziwa na panga la kukodi. Safari alinionyesha mahali. Nimekata mafungu mawili. Mgongo unauma. Nimeyapeleka mwenyewe kichwani, kupitia barabara kuu, mchana. Wanafunzi wangu wa zamani waliniamkia: "Jambo, Muzee Mwalimu." Mmoja alitaka kunipokea mzigo. Nimekataa.

Nimeyatua uani kwa Mama Nyirakamana. Amegeuza fungu kwa mguu. Amesema ni machanga. Hayafai.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekata mengine. Yaliyokomaa. Ameyachukua.

Jumapili, 23 Juni

Furaha hajaondoka. Alimtumia mumewe ujumbe kwamba atakaa mpaka ukuta uishe. Mama yake alisikia akisema hivyo, akajifanya anatafuta sindano.

Nimekomunika leo.

Mchana nimekwenda. Mama Nyirakamana hakunisalimu, lakini kigoda kilikuwa nje. Furaha amenipa kisu kidogo na kunionyesha namna ya kupasua tete katikati. Nimeharibu tisa. La kumi limepasuka vizuri. Vidole vyangu vimekatika mahali pawili, na ninashika kalamu hii kwa shida.

Baadaye wamenipa mstari mmoja wa kusuka, ule wa chini kabisa, ambao utafichwa na kitanda. Nimeufanya kwa saa nzima. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka akinitazama.

Mama Nyirakamana akaja, akainama, akauangalia.

"Umeruka moja hapa, Muzee. Fungua."

Nimefungua.